Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: watu wanaojali maslahi yao tu wanafikaje kushirikiana?

Haya ni maswali ambayo yanajirudia kila mtu anapokutana na nadharia ya michezo (hesabu za maamuzi pale ambapo unachopata kinategemea na wanachofanya wengine) kwa mara ya kwanza, na mengine yanakuja baadaye akishaanza kuchimba. Sio lazima usome kwa mpangilio, ila swali la 1 lina namba zinazotumika kote, so usiliruke.

## Mwanzo kabisa

1. Kwani shida ni nini? Si watu washirikiane tu yaishe?

Shida ni kwamba kuna hali ambazo kila mtu akipiga hesabu zake vizuri kabisa, wote wanaishia pabaya. Mfano unaojulikana zaidi ni mtanziko wa wafungwa. Washukiwa wawili wamekamatwa, kila mmoja yuko chumba chake, polisi hawana ushahidi wa maana. Ukimtaja mwenzio na yeye akanyamaza, wewe unaenda nyumbani leo leo na yeye anabeba miaka. Mkitajana wote mnafungwa wote, ila sio miaka mingi kama ile ya aliyetajwa peke yake. Mkinyamaza wote mnapata kifungo kifupi cha kosa dogo.

Kwenye utafiti watu wanatumia pointi badala ya jela. Mkishirikiana wote kila mtu anapata 3. Mkisalitiana wote kila mtu anapata 1. Mmoja akisaliti na mwenzake akashirikiana, msaliti anabeba 5 na mwenzake anatoka na 0. Sasa kaa upige hesabu: mwenzio akishirikiana, ukimsaliti unapata 5 badala ya 3. Mwenzio akisaliti, ukisaliti na wewe unapata 1 badala ya 0. Yaani hata afanye nini, wewe kusaliti kunalipa zaidi, na yeye naye anapiga hesabu hiyo hiyo huko aliko, mnakutana kwenye 1 kwa 1 wakati 3 kwa 3 ilikuwepo pale mezani.

2. Hii kitu ilianzia wapi?

Merrill Flood na Melvin Dresher, taasisi ya utafiti ya RAND kule Marekani, mwaka 1950. Hadithi ya wafungwa iliongezwa mwaka huo huo na mwanahisabati Albert Tucker, wao wenyewe walikuwa na jedwali la namba tu. Na walilijaribu: waliwachezesha wenzao wawili, Armen Alchian na John Williams, raundi 100. Nadharia ilisema watasalitiana zote 100. Kilichotokea ni kwamba walishirikiana wote wawili kwenye raundi 60, na kusalitiana wote wawili kwenye raundi 14 tu. Kwa hiyo tangu siku za kwanza kabisa ilijulikana kuna kitu hesabu ya swali la 1 haikioni.

3. "Mbinafsi" humu ndani maana yake mtu mbaya?

Hapana, na hapa watu wengi wanapotea. Maana yake ni mchezaji anayetafuta pointi zake nyingi iwezekanavyo, basi. Pointi zinaweza kuwa hela, chakula, au idadi ya watoto kwa mnyama. Bakteria hana nia mbaya wala nzuri na bado anaingia kwenye modeli, yaani mfano wa kihesabu. Uzuri wa kuanzia kwenye ubinafsi ni kwamba ukiona ushirikiano umetokea hata hapo, unajua haukuletwa na huruma uliyoichomeka mwenyewe mwanzoni.

## Mkikutana tena na tena

4. Kwa nini kurudia mchezo kunabadilisha kila kitu?

Kwa sababu leo yako inaanza kulipwa au kuadhibiwa kesho. Tuseme baada ya kila raundi kuna uwezekano wa asilimia 90 mtakutana tena, yaani kwa wastani mnacheza raundi 10. Mwenzio anatumia kanuni rahisi: anaanza kwa kushirikiana, alafu anarudia ulichomfanyia raundi iliyopita. Ukishirikiana naye muda wote unavuna 3 mara 10, pointi 30. Ukimsaliti muda wote unapata 5 ya kwanza, alafu anakubadilikia na unabaki kuokota 1, 1, 1, jumla 14. Hujawa mtu mwema, umeona tu kuwa 30 ni kubwa kuliko 14.

Lakini uwezekano wa kukutana tena lazima uwe mkubwa wa kutosha. Kwa pointi zetu hizi, kanuni ya kurudishia inaanza kusimama imara uwezekano ukifika theluthi mbili. Ukishuka chini ya hapo, tamaa ya leo inashinda hofu ya kesho. Mimi naona hapa ndo kiini cha somo lote, na ndo maana nasisitiza watu waielewe hesabu hii kabla hawajaanza kuongelea maadili.

5. Na kama wote tunajua raundi ya mwisho ni ipi?

Kwenye karatasi ushirikiano unakufa. Raundi ya mwisho hamna kesho, so kila mtu anasaliti. Basi ya kabla yake nayo haina cha kulinda, nayo inaoza, na ya kabla ya hiyo, mpaka unarudi raundi ya kwanza. Watu halisi hawafanyi hivyo, wanashirikiana muda mrefu na kuanza kugeukana karibu na mwisho. Modeli nyingi zinakwepa shida hii kwa kuacha mwisho usijulikane, kama kwenye swali la 4.

6. Yale mashindano ya kompyuta yalikuwaje?

Robert Axelrod wa Chuo Kikuu cha Michigan aliwaomba wataalamu wamtumie programu za kucheza mtanziko huu. Zikaja 14, yeye akaongeza moja inayobahatisha, akazichezesha kama ligi, kila programu na kila nyingine, raundi 200. Iliyoshinda ilikuwa fupi kuliko zote: Tit for Tat, ya Anatol Rapoport. Ni ile kanuni ya swali la 4, anza vizuri alafu rudishia.

Akatangaza matokeo, akaita mashindano ya pili. Safari hii zikaja 62 kutoka nchi sita, watu wameshajua nani alishinda na kwa nini, wengine wameandika programu ndefu za kuwinda udhaifu, na mwisho wa mchezo haujulikani. Rapoport akarudisha ile ile. Ikashinda tena.

Cha kushangaza ni kwamba Tit for Tat haiwezi kumshinda mtu yeyote ana kwa ana. Angalia kanuni yake, haisaliti kabla hajasalitiwa, kwa hiyo kwenye mechi yoyote inatoka sare au inazidiwa kidogo. Ilichukua kombe kwa kuvuna 3 nyingi na karibu kila mtu, huku zile janja zikikutana zenyewe kwa zenyewe na kumalizana. Mashindano ya kwanza programu nane za juu zote zilikuwa za wasioanza ugomvi.

7. Kwa hiyo Tit for Tat ndo mkakati bora duniani?

Hapana. Hii ndo kauli inayorudiwa sana mtandaoni na inaniuma kwa sababu inaua sehemu tamu ya somo. Hamna mkakati bora bila kujua unacheza na akina nani. Axelrod mwenyewe alionyesha kwamba programu yenye uvumilivu zaidi, inayorudishia baada ya kusalitiwa mara mbili mfululizo, ingeshinda mashindano ya kwanza kama ingekuwepo. Mwanabaiolojia John Maynard Smith akaituma kwenye ya pili. Ikawa ya 24, maana safari hii kulikuwa na wajanja waliojua kumnyonya mvumilivu.

Ukikutana na mtu anayeshirikiana hata umfanyeje, kumsaliti muda wote kunakupa zaidi. Ukikutana na anayesaliti tu, na wewe saliti. Udhaifu mwingine wa Tit for Tat uko swali la 9.

8. Kama kijiji kizima ni wasaliti, ushirikiano unaanzia wapi?

Mtu mmoja wa kurudishia akiwa peke yake hawezi. Anafika, anashirikiana, anapigwa, anapata 0 raundi ya kwanza alafu 1 zinazobaki. Kwa mfano wetu wa asilimia 90 anaambulia 9, wakati wasaliti wakicheza wenyewe kwa wenyewe wanapata 10. Ametoka amezidiwa.

Ila wakija kikundi, hesabu inageuka. Wawili wa kurudishia wakikutana wanapata 30 kila mmoja, ambayo ni 21 zaidi ya ile 9. Pengo la kuziba ni pointi 1 tu. Kwa hiyo inatosha zaidi kidogo ya mechi moja kati ya 21 wacheze wao kwa wao, ni kama asilimia 5, zile nyingine zote wapigwe na wasaliti na bado wanawazidi kwa wastani. Axelrod na mwanabaiolojia William Hamilton waliandika hili mwaka 1981 na mimi kila nikilirudia nalipenda upya. Kinyume chake hakifanyi kazi: kikundi cha wasaliti kikiingia kijiji cha wanaorudishia hakipati upenyo huo, maana wao wakikutana wanapeana 1.

## Makosa, kusamehe na kinyume chake

9. Mtu akisaliti kwa bahati mbaya inakuwaje?

Inakuwa balaa, kwa Tit for Tat. Chukua wawili wanaorudishia, wamekaa kwenye 3 kwa 3. Mmoja mkono unateleza, ujumbe haukufika, anaonekana amesaliti. Raundi inayofuata mwenzake anamrudishia, lakini raundi hiyo hiyo yule wa kwanza ameshirikiana maana alichokiona kabla kilikuwa ushirikiano. Raundi ya tatu wanabadilishana. Wanaendelea kupigana kwa zamu mpaka kosa lingine litokee. Kila mmoja anapata 5, 0, 5, 0, wastani 2.5. Kosa la pili linaweza kuwarudisha kwenye amani au kuwatumbukiza kwenye 1 kwa 1. Muda mrefu, hata makosa yakiwa machache sana, wastani unaangukia 2.25, sawa na watu wanaorusha shilingi. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya hata mmoja hapo.

10. Basi nisamehe kiasi gani?

Kuna jibu la namba. Martin Nowak na Karl Sigmund mwaka 1992 walichunguza mkakati unaorudishia lakini mara nyingine unaacha ipite. Kwa pointi zetu, kiwango kinachofaa ni kusamehe kama theluthi moja ya usaliti, bila mpangilio unaotabirika. Ukisamehe chini ya hapo ugomvi wa bahati mbaya unachukua muda kuzimika, ukisamehe zaidi msaliti anagundua kwamba kukuibia kunalipa. Wengi wanashangaa kusikia msamaha una kipimo, ila humu unatoka kwenye hesabu ile ile iliyotoa ulipizaji.

11. Kuna mkakati mwingine unaostahimili makosa?

Upo, unaitwa Pavlov, Nowak na Sigmund waliuandikia mwaka 1993. Ukipata 3 au 5 rudia ulichofanya, ukipata 0 au 1 badilisha. Jaribu kosa la swali la 9: aliyeteleza kapata 5, anabaki kusaliti. Mwenzake kapata 0, anabadilisha anasaliti. Wote wanapata 1, wote wanabadilisha, amani imerudi ndani ya raundi mbili. Ubaya wake ni kwamba akikutana na msaliti sugu anaibiwa raundi moja kati ya kila mbili, kwa sababu kila akipata 1 anajaribu tena kushirikiana.

12. Ushirikiano ukishashinda, ndo umeshinda moja kwa moja?

Hapana. Wakishajaa wanaorudishia kwa kusamehe, wale wanaoshirikiana bila masharti yoyote wanaishi nao vizuri tu, huwezi hata kuwatofautisha, wote wanavuna 3. Wanaongezeka pole pole, hakuna anayeona tatizo. Alafu anatokea msaliti mmoja anakuta watu wasiorudishia wamejaa, anakula anashiba anazaliana. Mzunguko unaanza upya: wasaliti, kikundi cha wanaorudishia (swali la 8), wanaosamehe, wapole kabisa, wasaliti tena. Kwenye kompyuta mzunguko huu unajirudia bila kuchoka.

## Nje ya kompyuta

13. Wanyama wanafanya kweli haya mambo?

Mfano unaotajwa sana ni popo wanaonyonya damu. Gerald Wilkinson aliwachunguza Costa Rica na kuandika mwaka 1984: popo aliyekosa mlo anaweza kufa ndani ya siku tatu hivi, na mwenzake aliyeshiba anamtapikia damu. Kazi yake ya baadaye na Gerald Carter, ya 2013, ilionyesha kwamba nani alikulisha kabla kunatabiri utamlisha nani vizuri kuliko undugu. Ila wanyama wengi hawana kumbukumbu ya kutosha kucheza hivi, na ushirikiano wao mwingi unaelezeka kwa njia za swali la 18.

14. Kweli askari maadui walishirikiana vitani?

Ndiyo, upande wa magharibi wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Vikosi vile vile vilikaa vinatazamana kwenye mahandaki wiki na wiki, na taratibu vikaanza kuachiana: mizinga inapigwa saa zile zile kila siku, mahali pale pale, kila mtu anajua ajifiche lini. Hakuna aliyesaini chochote. Waliovunja hali hiyo ni makamanda, kwa kuamuru uvamizi wa ghafla na kuhamisha vikosi. Linganisha na swali la 4, walichovunja ni kile kile kinachoifanya kesho iwe na uzito.

15. Tukiwa wengi, sio wawili?

Inakuwa ngumu zaidi, maana huwezi kumrudishia mmoja bila kuwaumiza wote. Ernst Fehr na Simon Gächter waliweka watu wanne, kila mmoja ana pointi 20, unachoweka kwenye chungu cha pamoja kinamrudishia kila mtu 0.4. Ukiweka 1 kundi linapata 1.6 ila wewe unapata 0.4 tu, so kila mtu anatamani wenzie ndo waweke. Michango ilianza kiasi alafu ikaporomoka kadiri raundi zilivyokwenda. Wakaongeza kitu kimoja: unaweza kulipa pointi 1 kumkata mchoyo 3. Michango ikapanda. Na watu walilipia adhabu hata pale walipojua hawatakutana tena na yule mtu.

Kabla hujafurahi sana: jaribio hilo lilirudiwa kwenye miji 16 na matokeo yakachapishwa 2008, na kwenye baadhi, Athens na Muscat zikiwemo, kuna washiriki waliwaadhibu *waliochangia zaidi*. Adhabu bila kanuni inayokubalika na kundi inaweza kuzika ushirikiano.

Na mtafiti Jean Ensminger alipopeleka mchezo wa aina hii kwa Waorma wa Kenya, wachezaji wenyewe waliutambua papo hapo, wakasema huu ni mchezo wa harambee, kama ile michango ya kujenga shule. Wakachangia vizuri. Nadhani wana cha kutufundisha: mtu haingii kwenye mchezo akiwa mweupe, anaingia na taratibu za kwao.

Kwa malisho, misitu na maji, kazi kubwa ni ya Elinor Ostrom, aliyepata Nobel ya uchumi 2009. Alionyesha jamii nyingi zinatunza mali ya pamoja zenyewe, zikiwa na mipaka inayojulikana, watu wa kuangalia, na adhabu zinazoanza ndogo.

16. Mchezo wa kijumbe unaingia wapi humu?

Unaingia vizuri sana, na una mtego wake. Tuseme mko kumi, kila wiki elfu ishirini, anayepokea anabeba laki mbili. Wa kwanza kupokea amepata 200,000 akiwa ametoa 20,000. Kuanzia hapo anadaiwa 180,000 na kwa hesabu ya ubinafsi wa leo asionekane tena. Wa mwisho yeye hana kishawishi chochote, ameshatoa karibu yote. Hatari ya mtu kukimbia haijagawanywa sawa, iko kwa wanaopokea mapema.

Sasa angalia vijumbe wazuri wanavyofanya bila kusoma nadharia yoyote. Mgeni anawekwa mwishoni. Namba za mwanzo wanapewa waliocheza mizunguko iliyopita bila kusumbua. Wanachukua watu wa mtaa mmoja, au soko moja, ambako ukikimbia umepoteza na wateja. Na mzunguko ukiisha unaanza mwingine, so raundi ya mwisho ya swali la 5 haifiki. Vyama vikifa mara nyingi ni pale ambapo moja ya hizi imeachwa, watu wameongezwa kutoka kwenye grupu la WhatsApp hawajulikani nyumbani kwao, alafu mmoja kapewa namba mbili.

17. Na watu ambao sitakutana nao tena, kwa mfano wauzaji mtandaoni?

Hapo sifa ndo inafanya kazi. Mimi nikikusaidia wewe, fulani anaona, kesho fulani ananisaidia mimi. Nowak na Sigmund walitengeneza modeli yake 1998. Inahitaji taarifa zisambae na ziwe za kweli. Sifa ikinunulika, kama zile nyota za kupewa na akaunti feki, mtu anaonekana mwaminifu bila kuwa mwaminifu na modeli inarudi swali la 1.

## Maswali ya waliokwisha kuchimba

18. Kurudishia ndo njia pekee?

La. Nowak mwaka 2006 alizipanga njia tano: undugu, kurudishiana, sifa, mtandao wa majirani, na ushindani wa makundi. Ya undugu ni ya Hamilton, 1964: jeni la kusaidia linaenea kama faida kwa anayesaidiwa, ukizidisha na ukaribu wa undugu, inazidi gharama kwa anayesaidia. Ya majirani ni tamu: kwenye modeli ya 2006 ya Ohtsuki na wenzake, watu hawahitaji kumbukumbu wala akili, inatosha faida gawanya kwa gharama izidi idadi ya majirani wa kila mtu. Ukiwa na majirani wachache, wanaoshirikiana wanajikusanya pamoja na kulindana.

19. Nimesikia kuna mkakati wa kumkamua mwenzio, ni kweli?

Ni kweli. Mwaka 2012 William Press na Freeman Dyson walionyesha kwamba mchezaji anaweza kupanga uwezekano wa hatua zake ili ziada yake juu ya pointi 1 (ile ya kusalitiana) iwe, tuseme, mara tatu ya ziada ya mwenzake. Mwenzie akijirekebisha ili apate zaidi, anamwongezea mkamuaji zaidi. Kutegwa hivyo kunauma kwa mtu mmoja mmoja. Kwenye idadi kubwa ya watu wanaobadilika vizazi kwa vizazi, wakamuaji wakikutana wao kwa wao hawapati kitu, na wanaosambaa vizuri zaidi ni wakarimu.

20. Tit for Tat ilishindwaje 2004?

Kwenye mashindano ya kuadhimisha miaka 20 ya kazi ya Axelrod, timu ya Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, ilituma programu karibu 60. Zilitambuana kwa hatua za mwanzo 5 mpaka 10 zilizopangwa kama neno la siri, alafu nyingi zikajitoa kafara, zikishirikiana huku zinasalitiwa ili chache zibebe 5 mfululizo. Zikashika nafasi za juu, na nyingine nyingi zikawa mkiani. Wengine wanasema ni udanganyifu. Mimi naona ni ushahidi kwamba ukishaweza kumtambua wa kwenu, mchezo umekuwa wa kundi dhidi ya kundi, na hesabu za wawili wawili hazitoshi tena.

21. Nataka kujaribu mwenyewe, nianzie wapi?

Kama unajua Python, lugha ya kuandikia programu, kuna maktaba ya bure inaitwa Axelrod, ina mikakati zaidi ya 200 tayari, unapanga ligi yako kwa mistari michache. Kama hujui, chukua karatasi na rafiki. Chezeni kwanza raundi 20 mkijua mwisho, alafu mchezo mpya ambao baada ya kila raundi mnarusha dadu, ikitoka 6 mmemaliza. Alafu ongeza makosa: kabla ya kuonyesha chaguo lako rusha dadu nyingine, ikitoka 1 chaguo linageuzwa na mwenzio haambiwi kama lilikuwa la makusudi. Andika pointi za kila raundi, sio jumla tu, maana yanayotokea raundi mbili tatu baada ya kosa ndo ya kuangalia.